Mvua ya Kasekese na Tanuru la Wifi Yangu

Nimefundisha mvua kwa miaka thelathini na moja. Nilizichora ubaoni kwa chaki ya bluu: mvua za milimani, mvua za jua kali, mvua za pepo mbili zinazokutana, na mishale yake ikipanda kutoka baharini na kushuka mabondeni. Watoto walinakili, wakafaulu au wakafeli, na mwaka jana nilistaafu nikiamini kwamba kuhusu mvua sina la kuongezewa. Nawasimulia safari yangu ya Katavi, ndugu zangu wa Morogoro, ili mjue jinsi nilivyosahihishwa.

Sababu ya kuondoka ilikuwa shukrani, tena shukrani iliyochelewa. Kaka yangu Kosmas, fundi seremala, alikwenda Mpanda akiwa kijana, akifuata mbao za mninga. Huko akamwoa Spesioza, binti wa familia iliyotoka Burundi, mzaliwa wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda, siku hizi raia wa Tanzania kama mimi na wewe. Kosmas alipopata kiharusi, mwanamke huyo alimlisha, akamwogesha na kumgeuza kitandani miaka miwili. Sisi wa Morogoro tulikwenda mara moja tu, kuzika, na siku ya tatu tukapanda basi kurudi.

Miaka mitatu ikapita. Mwezi uliopita, katika kikao cha ukoo, shangazi akauliza, "Hivi yule mke wa Kosmas, tulimshukuru lini?" Kila mtu akatazama vidole vyake vya miguu. Kisha wakanigeukia mimi: "Mwalimu, wewe huna kipindi tena." Nikapewa vitenge doti mbili, blanketi zito na maneno ya ukoo niyafikishe. Niliyaandika kwenye karatasi, nikayakariri kama somo.

Jumanne alfajiri niliondoka Morogoro. Milima ya Uluguru ilikuwa imefunikwa na mawingu, na manyunyu yalilowesha vioo vya basi mpaka tulipoivuka wilaya ya Kilosa. Kuanzia Dodoma mbingu zikawa tupu. Nililala Tabora, nikiwa na kiuno kinachouma na karatasi yangu ya maneno ndani ya sidiria isije ikapotea.

Jumatano asubuhi nilipanda basi la Mpanda. Tulipita Sikonge, kisha msitu ukatumeza kwa saa nyingi, miyombo kushoto na kulia, mizinga ya nyuki ikining'inia juu ya matawi. Mbung'o waliingia dirishani na kutuuma bila kuchagua. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Ugalla, amepakata ndoo ya asali kama mtoto mchanga.

"Naona mvua huku imechelewa," nikamwambia, kwa sauti yangu ya darasani.

"Haijachelewa, mama," akajibu. "Imekataa."

Nilitaka kumweleza jinsi ukanda wa mgandamizo mdogo wa hewa unavyoshuka kusini mwezi huu. Akafungua kifuniko cha ndoo, akanichotea asali kwa kipande cha sega, nikanyamaza kwa utamu. Sijawahi kunyamazishwa vizuri namna ile.

Jioni tuliingia Mpanda kwenye vumbi jekundu. Alinipokea Anitha, mtoto pekee wa Kosmas na Spesioza, ambaye ni muuguzi pale mjini. Ana paji la uso la kaka yangu, na nilipomkumbatia nilitokwa na machozi mbele ya watu wa stendi. Alinilaza kwenye kitanda chake, yeye akalala chini.

Alhamisi, saa sita mchana, gari lilinishusha Kasekese, kijijini kwa Spesioza. Mashamba yalikuwa yamelimwa tayari, matuta yamepangwa vizuri, lakini hakuna hata jani moja lililoota. Watu waliokuwa barazani walinisalimia huku wakitazama juu ya kichwa changu, upande wa mashariki, wanakotokea mawingu.

Spesioza alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye meno meupe na maneno makali.

"Wifi! Umetuletea mvua, au umekuja mikono mitupu?"

"Nimekuletea vitenge."

"Vitenge haviliwi. Karibu, karibu sana."

Hapo ndipo nilipoona hali ya nyumba yake. Ilikuwa ya miti na udongo, na ukuta mmoja ulianguka masika yaliyopita. Mahali pake pamezibwa kwa matete na turubai lililochakaa, na kuta tatu zilizobaki zimeegemezwa kwa magogo. Mtoto angeona kwamba nyumba ile haiwezi kuvuka msimu mwingine wa mvua.

Ndani, umeegemezwa ukutani, ulisimama mlango. Ulikuwa mlango mzito wa mninga, umepigwa randa mpaka unang'aa, una maua ya kuchonga pembeni, na haukuwa na bawaba wala fremu. Niliitambua kazi ile bila kuambiwa.

"Kaka yako huyo," Spesioza akasema. "Kila mtu anaanza na msingi. Yeye alianza na mlango. Akasema, mke wangu, mlango nimeumaliza, iliyobaki ni nyumba tu."

Tulicheka wote wawili. Kisha tukaacha kucheka kwa pamoja, kama tulivyoanza.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na tanuru. Tangu walipovuna mahindi, Spesioza alifyatua matofali elfu sita kwa mikono yake kando ya kijito, na majirani wakamsaidia kuyapanga. Tanuru lilikuwa refu kuliko mimi, lina midomo mitatu chini ya kuingizia kuni, na juu limefunikwa nyasi. Alikuwa amechelewa kulichoma kwa sababu mama yake aliugua Katumba, akamuuguza mwezi mzima. Sasa zilibaki kuni kubwa, ambazo jirani yake, Baba Kulwa, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, aliahidi kuzibeba Jumamosi kwa mkokoteni wake wa maksai.

"Na mvua ikija kabla hujachoma?" nikauliza.

"Nyasi zinazuia manyunyu. Mvua yenyewe ikija, matofali yote yanarudi kuwa udongo." Akatikisa kichwa. "Na mimi nina shamba, wifi. Mbegu ziko kwenye debe. Nusu yangu inaomba mvua, nusu inaomba jua. Mungu ananishangaa."

Niliona wakati umefika. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza, "Wifi, ukoo wetu umenituma..."

"Kaa kwanza ule," akasema. "Ukoo umekaa miaka mitatu, utashindwa kukaa mpaka uji upoe?"

Nilikaa. Kusema kweli nilistahili.

Ijumaa ndiyo siku niliyoharibu. Spesioza alikwenda shambani alfajiri, nami nikaamua kujifanya mtu wa maana pale nyumbani. Nilichemsha maharage katika chungu chake cheusi, nikayahamishia kwenye sufuria, nikakisugua chungu kwa majani na majivu. Nikatafuta mahali pa kukianika. Chini palikuwa na kuku, na mbuzi wa jirani alikuwa akininyemelea. Nikaona juu ya tanuru ni safi, pana jua, na mbuzi hafiki. Nikapanda kwenye gogo, nikakifudikiza chungu pale juu kabisa, nikashuka nikijisifu.

Saa tisa alasiri mawingu yakaja. Yalitoka mashariki, mazito, ya rangi ya risasi, na ngurumo zikaviringika mpaka kwenye nyayo za miguu. Harufu ya udongo uliolowa ilitufikia kabla ya tone lenyewe. Watu walitoka majumbani, wengine wameshika majembe, na wanawake wakaanza vigelegele. Kisha mbele ya macho yetu wingu likagawanyika. Kipande kimoja kikaenda kulia, kingine kushoto, na tukaiona mvua ikinyesha kule milimani, nyeupe, nene, kwenye vijiji vya wenzetu. Kwetu halikuanguka hata tone. Vigelegele vilikatika, watu wakarudi ndani.

Mimi nilikuwa nimefurahi kupata somo. Nilichora chini kwa kijiti, nikawaeleza wanawake wawili waliokuwa wakipita jinsi milima inavyovuta mawingu. Waliutazama mchoro wangu, kisha wakatazama juu ya tanuru, kisha wakatazamana. Nilidhani wameelewa.

Spesioza aliporudi alisimama kwenye kona ya nyumba, jembe begani.

"Wifi, kile chungu nani kakiweka?"

"Mimi. Nilikianika."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

Alikishusha, akakiingiza ndani, akakaa kwenye kinu kilicholazwa. "Yoo, wifi," akasema, kwa mkato ule wa kwao. Kisha akanieleza. Huku mtu mwenye tanuru akitaka mvua isimharibie matofali, inasemekana hufudikiza chungu cheusi juu yake. Wingu likija linakuta mdomo umefungwa, linapita pembeni. Kijiji kizima kinakosa mvua kwa ajili ya nyumba ya mtu mmoja. Hilo huitwa kufunga mvua, na aliyewahi kusingiziwa huwa hasahauliki.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Twende tukawaeleze," nikasema.

"Jambo kama hili ukilieleza unalitilia mbolea. Tuangalie kesho Baba Kulwa kama atakuja."

Jumamosi Baba Kulwa hakuja. Tulikaa na panga na kamba tangu saa kumi na mbili, jua likapanda, njia ikabaki nyeupe. Nilikwenda bombani kuchota maji, na maongezi yakakatika nilipofika, kama redio iliyoishiwa betri. Mmoja akaniambia kwa adabu nyingi, "Tangulia tu, mgeni, chota." Hakuna aliyetaka kusimama karibu nami.

Saa nne tukamfuata nyumbani kwake. Ni mtu mfupi, mpana, ana sauti ya taratibu. Alikuwa zizini na ng'ombe mmoja aliyelala, anajaribu kumnyanyua kwa kumshika mkia. Mbavu za mnyama zilihesabika. Alitupa vigoda, akatuletea maji ya kunywa, ndipo akasema.

"Mayu Spesioza," akaanza, kwa neno la kwao la kumheshimu mama wa watu, "mimi sisemi umefunga mvua. Nasema chungu kimeonekana, na wingu limepita. Ng'ombe wangu wanne hawanyanyuki. Nikipeleka maksai kubeba kuni za tanuru lako, watu watasema nini? Watasema Baba Kulwa kawasaidia kulifukuza."

Hapo nikaingilia. Nilimpa somo zima, pepo, milima, mvuke, joto la nchi kavu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, bila kunikatisha. Wanafunzi wangu hawakuwahi kunisikiliza vile.

"Mwalimu," akasema, "maneno yako mazuri sana. Lakini chungu ulikiweka ama hukukiweka?"

"Nilikiweka."

"Basi."

Tulishika njia ya kurudi. Njiani yalianguka matone, makubwa na ya mbalimbali, kila tone likichimba kishimo chake kwenye vumbi. Nikafikiri tumeokoka. Spesioza hakuinua hata uso. "Hii ni ya kulaza vumbi tu," akasema, na kabla hatujafika nyumbani ilikuwa imekwisha. Mchana ule nilijisikia vibaya kuliko siku zote za maisha yangu. Nilikuwa nimesafiri siku tatu kumshukuru mtu, na badala yake nimemharibia jina na nyumba.

Jumapili tulikwenda kanisani. Lilikuwa jengo la tofali lisilopigwa plasta, benchi za mbao, ngoma mbili na kwaya yenye sare za kijani. Tulipokaa, benchi letu lilibaki na nafasi kubwa. Mke wa Baba Kulwa aliimba kwenye kwaya, na mwenyewe alisimama dirishani kwa nje, kama afanyavyo kila Jumapili, maana anasema anapenda nyimbo lakini benchi zinamuumiza mgongo.

Ulipofika wakati wa matangazo, mchungaji akasema wageni wasimame wajitambulishe. Mgeni nilikuwa mmoja. Nikasimama.

"Bwana asifiwe. Naitwa Felista, dada yake marehemu Kosmas. Nimekuja kushukuru. Ijumaa nilipika maharage, nikaosha chungu, nikakiweka juu ya tanuru la wifi yangu ili mbuzi asikivunje. Wifi hakuwepo. Sikujua maana yake kwenu. Kama kuna kosa, ni langu mimi. Kwetu Morogoro chungu tunakianika popote."

Mtoto mmoja alicheka, akafinywa. Nilikaa nikijua kwamba sijasaidia chochote, maana hata mwenye hatia angeweza kusema vile vile.

Ndipo Spesioza akasimama. Hakuwa mgeni wala hakuitwa. Aliomba ruhusa ya kuongoza maombi ya mvua, na mchungaji, baada ya kusita kidogo, akamkubalia. Akaenda mbele, akafumba macho, akaanza kwa Kirundi, kama anayemnong'oneza mtu wa nyumbani, kisha akaingia Kiswahili.

"Baba, unaona mashamba ya watu hawa. Unaona ng'ombe. Lete mvua. Usingoje kuni, usingoje tanuru langu. Kama ni leo, leo. Kama ni sasa hivi nikiwa hapa, sasa hivi. Matofali ni udongo, mimi ndiye niliyeufinyanga, nitaufinyanga tena. Lete mvua, Baba, watu wako wale."

Sauti haikutetemeka. Mimi niliyekuwa nimeona kuta tatu zimeegemezwa magogo, nilijua anachokitoa. Nilitaka kumvuta kanga arudi kukaa. Kwanza zilikuja amina mbili tatu za chini chini, halafu kanisa zima likaitikia kwa kishindo. Nilipogeuka dirishani, Baba Kulwa alikuwa amevua kofia.

Jumatatu, jua halijatoka, nilisikia kengele za maksai. Baba Kulwa alikuwa mlangoni na mkokoteni, na nyuma yake watu kama kumi na shoka zao.

"Twende haraka," akasema. "Mayu kaiita mvua, na huyu mama akiita anaitikiwa. Tuwe tumewasha kabla haijafika."

Hakuna aliyetaja chungu. Tulibeba magogo mpaka saa saba, tukashindilia midomo yote mitatu, wanawake tukasiriba tope ubavuni kuziba nyufa. Nyasi za juu ziliondolewa ili moshi upite. Saa tisa Spesioza akawasha. Moshi mzito ulipanda, mweupe kwa unyevu uliokuwa ndani ya matofali, na wote tukarudi nyuma kuutazama. Nikatoa simu yangu, nikaangalia utabiri, nikatangaza kwa sauti: "Hakuna mvua mpaka Alhamisi!" Watu wakanishukuru kwa heshima.

Jumanne, saa nane mchana, mvua ikaja.

Haikutoka mashariki. Ilitokea nyuma yetu, upande wa ziwa, bila kunguruma, na upepo wake ukaangusha kuku waliokuwa kwenye tundu. Moto ulikuwa ndiyo kwanza umekolea katikati. Juu tanuru lilikuwa wazi, na mdomo wa kwanza ulielekea upepo sawasawa. Spesioza alikimbia huku na huku na karai la tope, mimi nikishika mabati mawili makuukuu nisijue niyaweke wapi. Maji yalianza kuingia juu, na ndani ya tanuru tukasikia matofali yakipasuka, pa, pa, kama mahindi kikaangoni.

Nilijua hakuna atakayekuja. Hii ndiyo mvua waliyoingoja mwezi mzima. Kila mwenye akili angekuwa shambani na mbegu, maana ya kwanza kunyesha ndiyo ya kupandia. Nilikuwa nawaza hivyo nilipomwona Mama Kulwa akija mbio, gauni limemganda, amebeba turubai la kuanikia mpunga. Nyuma yake mumewe na miti mirefu. Nyuma yao wale wanawake wawili niliowachorea milima chini, na wengine, na wengine tena, kila nyumba na turubai lake.

"Nyie!" Spesioza akapiga kelele. "Nendeni mkapande! Mvua hiyo!"

"Wewe ndo umetuitia," Mama Kulwa akamjibu. "Tukuache unyeshewe peke yako? Mbegu zitangoja jioni. Shika huku!"

Maturubai hayawezi kulazwa juu ya tanuru, yanayeyuka. Walifunga ncha zake kwenye miti, wakaisimamisha kuzunguka tanuru, na kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuchimbia mashimo, kila mti ulishikwa na watu. Tukasimama pale, mikono juu, maji yakiingia kwenye mikono ya nguo na kutokea kiunoni, moshi ukitutoa machozi. Kulikuwa na hema juu ya tanuru na watu ndio nguzo.

Bado ule mdomo wa upande wa upepo. Mvua iliingia kwa ubavu, na moto wake ulianza kufifia. Mabati yangu yalipeperushwa mpaka kwenye migomba. Nikamwona Spesioza akisimama, akitazama nyumba yake, kisha akaingia ndani. Alitoka akiuburuta ule mlango wa Kosmas.

"Mama, hapana!" Baba Kulwa akasema.

"Nyumba isipokuwepo, huu ni wa nini?"

Aliusimika mbele ya mdomo wa tanuru, akaegemea kwa mgongo, upepo ukampiga kifuani. Niliuachia mti wangu kwa jirani, nikaenda kumsaidia. Tulisimama bega kwa bega tukiusukuma, joto mgongoni na mvua usoni. Harufu ya mninga ulioungua ikatupanda puani, na nilikumbuka karakana ya kaka yangu.

Hapo ndipo nikamshukuru. Karatasi yangu ilikuwa imeshakuwa uji. Nilisema, "Wifi, ulimtunza ndugu yetu na sisi hatukuja. Hatukuja hata kukupokea zamu. Tumeona aibu, na tunakushukuru. Nakushukuru." Nililia, na kwa mvua ile hapakuwa na haja ya kujificha.

Aliusukuma mlango kwanza, ukakaa sawa.

"Alikuwa anakutaja," akasema. "Alikuwa anasema, dada yangu anajua habari za mvua." Akageuza uso akanitazama, tope mpaka kwenye nyusi. "Mpaka Alhamisi, eti?"

Tulicheka mpaka mlango ukayumba, na Baba Kulwa akatufokea.

Mvua kubwa ilidumu saa moja na nusu. Ilipopungua, moto ulikuwa bado unanguruma ndani. Tulijaza kuni za mwisho, tukaziba midomo kwa matofali na tope, na watu wakakimbilia mashambani kuwahi mwanga. Nilikwenda na Spesioza. Alichimba, mimi nikadondosha mbegu na kufukia kwa mguu, tatu tatu, kwenye udongo uliokunywa maji vizuri. Mtaalamu wa mvua, umri wa miaka sitini na moja, nilikuwa sijawahi kupanda mahindi siku ileile mvua iliponyesha.

Jumatano iliamka na mvua nyingine, nyembamba, isiyo na upepo, iliyonyesha polepole tangu asubuhi mpaka mchana kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Hakuna aliyeisema vibaya. Baba Kulwa alipita kutueleza kwamba ng'ombe wake watatu wamesimama. Wa nne alikufa. Alisema yote mawili kwa sauti ileile. Spesioza alimpa maharage, yaliyopikwa katika chungu kilekile cheusi, na Baba Kulwa akala, akaomba ya kuongezewa.

Alhamisi niliaga. Tanuru lilikuwa halijapoa, na halifunguliwi kabla ya siku zake, hivyo niliondoka bila kujua kilichoiva na kilichokufa. Nilimwachia vitenge na blanketi. Naye akanifungia karanga, asali na debe dogo la mchele wa kule Mamba, nikawa naondoka na mzigo mkubwa kuliko niliokuja nao. Njia nzima mpaka Inyonga madimbwi yaling'aa, na kwenye kila shamba watu walikuwa wameinama.

Hapa nyumbani nimeutolea ukoo taarifa. Nimesema shukrani zimefika, na kwamba kinachotakiwa sasa ni watu wa kwenda kunyanyua ukuta, siyo vitenge. Wajomba wawili wamejiandikisha, na tutaona kama watapanda basi.

Juzi simu ililia. Alikuwa Spesioza. Hakusalimia.

"Wifi, sikiliza hili." Nikasikia mgongano mkali, ngo, ngo, kama chuma kwa chuma. "Hilo ni tofali la katikati. Sasa sikiliza la upande wa upepo." Nikasikia kishindo cha ugali unaoanguka. "Hayo ya pembeni mvua imeyala. Lakini ya kutosha vyumba viwili na sebule yapo, yameiva."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikauliza habari ya mlango.

"Umeungua upande mmoja, mweusi tii mpaka kwenye maua. Anitha anataka fundi aupige randa, eti ung'ae kama zamani."

"Na wewe?"

"Nimemkatalia. Ulioungua utatazama nje. Watakaobisha hodi hapo ni walewale walioshika miti. Wauone."

Dirishani kwangu kulikuwa kunanyesha. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sikujiuliza ni mvua ya aina gani.